Gari Kuukuu Mbele ya Mashine za Fahs

Forodha ya Saudi Arabia hairuhusu gari dogo lililopita miaka 5 tangu kutengenezwa liingizwe nchini. Matokeo yake humshangaza mtu aliyezoea kuona magari yakishushwa Mombasa au Dar es Salaam: sehemu kubwa ya magari makuukuu yanayotembea Jeddah na Riyadh yamezeekea huko huko. Camry ya mwaka 2007 haikufika bandarini Jeddah ikiwa na umri huo. Ilishuka mpya, ikapigwa na jua la nchi ile miaka yote, ikabadilisha wenyewe mara kadhaa, na tangu ilipotimiza miaka 3 imekuwa ikiitwa mbele ya mashine za ukaguzi kila mwaka.

Jina rasmi la ukaguzi huo ni al-Fahs al-Fanni ad-Dawri, lakini barabarani watu husema fahs, basi. Kwa Waafrika Mashariki walioko Saudia, fahs ni jambo la kila mwaka. Dereva wa nyumbani kutoka Kilifi au Kampala hutumwa na gari la familia anayoifanyia kazi. Mwenye iqama, yaani kibali cha ukaazi, aliyejinunulia gari lake la kwanza kwa bei ndogo, huanza kuhesabu miezi iliyobaki. Wote wawili wana swali moja: gari la miaka 15 litapita kweli?

Linaweza kupita, na mengi hupita. Umri haumo kwenye orodha ya vinavyopimwa. Kinachopimwa ni hali ya gari siku hiyo, na kwa gari la zamani hali hiyo huharibiwa na mambo machache yanayojulikana, mengi yakiwa ya gharama ndogo. Tena iko sababu ya pili ya kuitazama fahs kwa makini. Kenya, Uganda na Tanzania zimehangaika kwa miaka na suala la kukagua magari ya watu binafsi. Mfumo wa Saudia, pamoja na mapungufu yake, unaonyesha ni kitu gani hasa kinachoufanya ukaguzi ushike.

Karatasi zinazoshikana

Ukaguzi wa lazima ulianza Saudia katika miaka ya 1980. Leo uko chini ya SASO, shirika la viwango la nchi hiyo, ambalo hutoa leseni kwa kampuni kadhaa za ukaguzi na lina jukwaa moja la mtandaoni la kupanga miadi. Mtu huchagua mji, kituo, siku na saa, kisha hupeleka gari. Ada ya gari dogo la binafsi, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ni riali 115. Likianguka, mwenyewe hupewa siku 14 za kutengeneza na kurudi, na marudio hugharimu takriban theluthi ya ada ya kwanza. Teksi na magari ya abiria huanza mapema kuliko ya binafsi, baada ya miaka 2.

Lakini ukali wa mfumo huu hauko kituoni. Uko kwenye namna karatasi zinavyoshikana. Istimara, kadi ya usajili wa gari, haihuishwi bila fahs iliyo hai. Haihuishwi bila bima. Haihuishwi kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Yote hayo husomwa na mfumo wa serikali wa Absher kwenye simu ya mwenye gari, bila karani wa kubembelezwa wala faili la kutafutwa. Kuendesha gari lisilo na fahs kuna faini ya riali 150 hadi 300, na tangu tarehe 1 Oktoba 2023 magari yasiyo na bima hunaswa kielektroniki bila askari kusimamisha mtu barabarani. Mwenye gari akiipuuza fahs, ajue na istimara itamkwama.

Jambo lingine lina uzito kama hilo. Kituo cha fahs hupima tu. Hakitengenezi gari wala hakiuzi spea, kwa hiyo hakipati kitu kwa kumwambia mtu kwamba shokapu zake zimekufa. Fundi anayepata kazi kutokana na matokeo hayo yuko kwingine, kwenye sinaiya, maeneo ya gereji na karakana yaliyoko katika kila mji wa Saudia.

Kutoka langoni hadi shimoni

Ndani ya kituo gari hupita kama kwenye mstari wa kiwanda. Kwanza namba ya pleti na ya chesisi hulinganishwa na istimara. Mkaguzi hulizunguka gari: kioo cha mbele kina ufa? Waipa zinafuta? Taa zote zinawaka, indiketa, taa za breki, ya rivasi, ya pleti? Mikanda ya viti inafunga? Milango inafunguka kutoka ndani? Tairi zimebakiwa na kashata kiasi gani?

Kisha gari hupitishwa polepole juu ya bamba la chuma lililolazwa sakafuni. Bamba hilo husukumwa pembeni kama magurudumu ya mbele hayaelekei sawa, na kompyuta huandika kiasi lilivyosogea. Hapo huonekana gari ambalo alaimenti yake imepotea, hata kama dereva amezoea kulishikilia usukani bila kujua kwamba linavuta upande. Hatua inayofuata hutikisa magurudumu na kupima jinsi shokapu zinavyoituliza bodi.

Kwenye breki ndipo mengi ya zamani yanapokwama. Magurudumu mawili ya ekseli moja huingia kati ya roli zinazozunguka. Mkaguzi hukanyaga breki, na skrini huonyesha namba mbili, ya kushoto na ya kulia. Breki inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kwa jumla na gari likaanguka bado, kwa sababu upande mmoja unashika zaidi ya mwingine kupita kiasi kinachoruhusiwa. Barabarani tofauti hiyo hujificha. Hujitokeza siku dereva anapokanyaga ghafla kwenye barabara kuu ya Jeddah na Makka, gari likageuka upande badala ya kusimama. Chanzo mara nyingi ni kidogo: kalipa iliyoganda kwa kutu, au padi zilizoloweshwa na oili inayovuja. Breki ya mkono nayo hupimwa hapo hapo, na kwenye magari ya otomatiki husahaulika kwa miaka, kwa kuwa dereva huweka gia kwenye P na kushuka.

Moshi hupimwa kwa kuingiza bomba la kifaa ndani ya eksozi. Kwa injini ya petroli hutazamwa kaboni monoksidi na mafuta yasiyoungua; kwa dizeli, weusi wa moshi. Mwisho ni shimo. Mkaguzi akiwa chini ya gari hutazama boljointi, tairodi, bushi, mabomba ya breki, eksozi na uvujaji wa oili, wakati magurudumu yakisukumwa huku na huku ili kilicholegea kijionyeshe.

Kilicholiwa na jua, kilicholiwa na chumvi

Gari la miaka 15 la Riyadh na gari la miaka 15 la Jeddah hayafanani, hata yakiwa ya aina moja na ya mwaka mmoja. Riyadh iko bara, kavu, yenye vumbi; wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45. Huko kinachokufa kwanza ni mpira na plastiki: bushi hupasuka, mikanda ya injini hukauka, mipira ya waipa hugeuka migumu kama fimbo, na kichungi cha hewa huziba kwa vumbi hadi injini ikakosa pumzi na kuanza kutoa moshi mzito.

Jeddah ina joto lake, tena lilifika nyuzi 52 mwezi Juni mwaka 2010, lakini adui mkubwa wa huko ni hewa yenye chumvi ya Bahari ya Shamu. Mabomba ya breki, viungo vya eksozi na boliti za chini ya gari huliwa na kutu kimya kimya. Mtu wa Mombasa au Unguja anaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mnunuzi anayelichukua gari la Jeddah aliangalie chini kabla ya kuangalia rangi, na anayelichukua la Riyadh aanze na kila kilichotengenezwa kwa mpira.

Taa za mbele huharibika katika miji yote miwili. Zile za plastiki angavu huliwa na miale ya jua hadi zikawa njano na ukungu. Balbu ni nzima, umeme unafika, lakini mwanga hautoki wala haulengi. Wenye gari wengi hukimbilia kununua balbu kali zaidi, na kwa kufanya hivyo huongeza mng'ao bila kurekebisha mwelekeo. Kusugua plastiki ile kwa msasa laini na dawa ya kung'arisha, kisha kuzipanga taa kwa mashine, hugharimu kidogo na hutibu tatizo lenyewe.

Tairi zinahitaji macho yaliyo karibu. Pembeni mwa kila tairi, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nene, nyeusi, inayopendeza machoni, kumbe ina miaka 8 na mpira wake umeshakauka ndani. Gari kuukuu linalotembea kidogo, la mzee anayekwenda sokoni na msikitini tu, ndilo hasa lenye tairi za namna hiyo: hazikuisha kwa kutembea, zimezeeka kwa kusimama juani. Kwenye lami ya Julai, kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, tairi kama hiyo hupasuka.

Mpangilio wa maandalizi

Kwa kuwa vinavyopimwa vinajulikana, maandalizi yanaweza kupangwa kwa utaratibu wa pesa. Kwanza ni yale ambayo mwenye gari huyaona mwenyewe nyumbani jioni moja, akiwa na mtu wa kumkanyagia breki: taa zote, honi, waipa, maji ya kuoshea kioo, mikanda, vishikio vya milango, pleti isiyopinda, kioo cha mbele, tarehe za tairi. Kulipia marudio kwa sababu ya balbu ya taa ya pleti ni hasara isiyo na sababu.

Pili ni matengenezo madogo yanayogusa vipimo viwili kwa mkupuo. Plagi mpya, kichungi kipya cha hewa na oili safi hupunguza moshi na matumizi ya petroli pia. Kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, kuisomesha kwa kompyuta kabla ya kwenda ni lazima, maana sensa ya oksijeni iliyokufa huifanya injini imwage mafuta mengi kuliko inavyohitaji, na kipimo cha moshi hakitasamehe. Tena gari lifike kituoni likiwa na moto. Kichujio cha moshi kilichomo kwenye eksozi, kinachosafisha gesi kwa kemia, huanza kufanya kazi barabara kikifika karibu nyuzi 300. Gari lililowashwa dakika tano zilizopita huonekana chafu kuliko lilivyo. Nusu saa ya barabara kuu kabla ya miadi hutosha.

Tatu ni yale yanayohitaji mashine na fundi: alaimenti, breki, bushi, boljointi na shokapu. Hapo mfuatano una maana. Kufanya alaimenti kabla ya kubadilisha boljointi iliyolegea ni kutupa pesa, kwa sababu kazi ile itavurugika pindi kiungo kipya kikifungwa. Viungo vianze, alaimenti ifuate, breki zimalizie.

Spea kwa magari ya zamani haziadimiki Saudia. Kampuni ya Abdul Latif Jameel imekuwa wakala wa Toyota tangu mwaka 1955, kwa hiyo mizizi ya Toyota katika nchi ile ni mirefu, na magari ya Hyundai yaliyojaa mitaani yana spea za kila daraja la bei. Asiyetaka kitu kipya huenda tashlihi, yadi za magari yaliyovunjwavunjwa. Mlango, kioo cha pembeni au taa ya nyuma kutoka tashlihi havina ubaya wowote. Padi za breki, tairi na boljointi zilizotumika hazifai kununuliwa huko kwa bei yoyote, maana hakuna anayejua zimepitia nini.

Kisichoonwa na mashine

Fahs ina mipaka yake, na ni hatari kwa mnunuzi wa gari la zamani kuchukulia stika kuwa cheti cha afya. Ukaguzi hauifungui injini. Hauipimi gia boksi. Gari linaweza kupita asubuhi na likazimika jioni kwa rejeta iliyooza.

Mfano mzito zaidi uko Jeddah kwenyewe. Mafuriko ya tarehe 25 Novemba 2009 yaliua zaidi ya watu 100 na kuharibu maelfu ya magari. Mwaka 2011 mji ulifurika tena, na tarehe 24 Novemba 2022 mvua ya zaidi ya milimita 170 ilinyesha kwa saa chache tu. Gari lililozama likakaushwa vizuri linaweza kuvuka roli za breki bila shida, huku nyaya zake zikiliwa polepole chini ya zulia. Miezi baadaye mifuko ya hewa hukataa kufunguka au injini huzimika barabarani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kuinua zulia, kuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho atafute alama ya tope, na kutazama boliti za chini ya viti kama zina kutu.

Udhaifu mwingine ni siku yenyewe. Fahs hupima gari mara moja kwa mwaka, na siku nyingine zote hubaki kwa mwenyewe. Anayefunga tairi za kuazima kwa ajili ya miadi, kisha akazirudisha, amepata stika na amebaki na hatari yake ile ile. Hakuna mashine inayoweza kuzuia hilo.

Ndiyo maana si haki kuipa fahs sifa za kila kitu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, vifo vya barabarani Saudia vilipungua kutoka 9,311 mwaka 2016 hadi 6,651 mwaka 2021. Katika kipindi hicho kulikuwa na kamera za mwendo kasi na za mikanda, faini kubwa zaidi na huduma bora za dharura. Ukaguzi wa magari ulikuwapo kwa miongo kadhaa kabla ya hapo, na vifo vilikuwa vingi. Gari zima mikononi mwa dereva mbaya bado huua. Ukaguzi huondoa sababu moja katika nyingi, nayo inastahili kuondolewa.

Somo linalovuka bahari

Afrika Mashariki iko upande wa pili wa biashara hii. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje duniani. Asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko eneo jingine lolote. Mengi ya yanayofika kwetu hutoka Japani, na moja ya sababu za Wajapani kuyaachia mapema ni ukaguzi wao wenyewe, shaken, unaoanza gari likiwa na miaka 3 na kurudi kila baada ya miaka 2 kwa gharama kubwa. Gari ambalo mwenyewe kule hakutaka kulilipia ukaguzi mwingine huanza maisha mapya Mombasa, Dar es Salaam au Kampala.

Na huku hukutana na nini? Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania huyaruhusu makuukuu kwa kuyatoza ushuru zaidi. Likishavuka bandari, gari la binafsi kwa kawaida halirudi tena mbele ya mashine. Kenya hukagua kila mwaka magari ya abiria na ya biashara katika vituo vya NTSA, mamlaka yake ya usafiri na usalama barabarani, kama Likoni Road jijini Nairobi na Miritini mjini Mombasa. Tanzania ina askari wa usalama barabarani na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, ukaguzi unaotegemea sana macho na uzoefu wa askari.

Uganda ilithubutu zaidi. Mwaka 2015 serikali iliipa kampuni ya SGS kazi ya kukagua magari yote, ya binafsi yakiwemo, na vituo vikajengwa Kawanda, Namanve, Mbarara, Gulu na kwingine. Mitambo ilikuwa ya kisasa. Lakini wenye magari waliona ada mpya imeongezwa juu ya nyingine, wabunge wakahoji mkataba, na mwaka 2017 Bunge likausimamisha mpango. Mashine zilikuwapo, kilichokosekana ni imani ya watu kwamba wanachokilipia kina faida kwao.

Kenya sasa iko njia panda hiyo hiyo. Rasimu ya kanuni za NTSA iliyojadiliwa na umma mwaka 2025 ilitaka magari binafsi yaliyozidi miaka 4 tangu kutengenezwa yakaguliwe. Gari la kawaida kutoka Japani hushuka Mombasa likiwa na miaka 7, kwa hiyo karibu kila gari lililoagizwa likiwa limetumika litakuwa limeshavuka kikomo hicho siku ya kwanza. Kuyaita yote kwa pamoja, katika vituo vilivyopo, ni kukaribisha foleni na mianya ya rushwa. Uingereza ilipoanza mwaka 1960 iliyaita magari ya miaka 10 na zaidi, kwa breki, taa na usukani tu, ikapunguza umri kidogo kidogo hadi miaka 3 kufikia 1967. Kenya inaweza kuazima subira hiyo kutoka London, na kutoka Riyadh ikaazima mambo matatu: anayepima asiruhusiwe kutengeneza, bei ya marudio iwe ndogo na itangazwe, na matokeo yaingie moja kwa moja kwenye mfumo unaotoa bima na usajili, yasipitie mkononi mwa mtu. Bila hayo matatu, kanuni mpya itawapa wenye magari stika nyingine ya kiooni, na breki zitabaki zilivyokuwa.